Nyinginezo

Saa tatu kasorobo usiku simu ikatetema.
Si mtu. Ni mtambo:
*Mita 117, Siyu. Matumizi si ya kawaida. Chunguza.*

Tuliletewa mwaka jana, pamoja na betri mpya
na mafundi waliokaa siku mbili.
Kazi yake kukisia.
Unajua Ijumaa pasi zitawaka kabla ya adhuhuri,
mawingu ya kusi unayaona yangali Kilifi,
ukatupimia umeme
kama mpishi wa harusi apimavyo samli.
Sikatai. Tangu uje, friji ya chanjo haijazima.

Ila mita 117 ni ya Somoe,
mshona makubadhi. Taa moja, redio moja,
na saa nne huzima. Miaka yote huzima saa nne.
Sasa usiku wa sita taa yawaka hadi alfajiri,
na mtambo washuku wizi.

Nikapiga hodi, na tochi yangu, na haya zangu.
"Karibu, Lali. Waja kunikatia?"
Nyuma yake, kitandani, mamake,
aliyerudishwa kutoka Malindi Jumatatu,
aliyenifunza kuhesabu kwa mbegu za ukwaju.
Hakuniita jina.
Alikuwa akiitazama balbu
kama mtu aliyeshikwa mkono.
"Nikizima, hulia. Husema watu wamejaa ukutani."

Nikakaa kizingitini nijaze fomu.
*Sababu: Wizi. Hitilafu. Biashara mpya. Mgeni. Nyinginezo.*
Mgeni? Kazaliwa chumba hiki hiki.
Hitilafu ipo, lakini si ya mita.
Nikabonyeza nyinginezo. Kikafunguka kidirisha,
herufi arubaini, basi.
Nikaandika: mama aogopa kiza.
Zikabaki ishirini na nne. Sikupata la kuzijaza.

Ofisini hawakujibu.
Ikaingia wiki ya mawingu, betri zikashuka,
mtambo ukaanza kukata:
kinyozi,
ukumbi wa mpira,
mimi.
Nikapanda darini kuutazama mji ukizimika nyumba kwa nyumba,
na kule mwisho wa kichochoro
dirisha moja, la njano.

Asubuhi nikafungua makisio.
*117: wati tisa, magharibi hadi alfajiri. Usikatwe.*
Sijui ulisoma maneno yangu
au ulihesabu tu zile siku.
Wala sikuuliza.
Niliiweka simu mkekani, taratibu,
kidole kisije kikagusa kitu.