Bolti ya Mashine ya Saba

Nilianza na penseli, si na kebo.
Miezi minne juu ya meza ya jikoni, huku Kainuu,
theluji ikipanda dirishani hadi usawa wa kitasa,
nikichora njia za juu, njia za chini,
umeme upite kusini, data ipite kaskazini,
visigusane, kama mawifi walionuniana.

Watu huja wakaona makabati na taa zinazokonyeza,
wakasema, kumbe hii ndiyo kazi.
Kazi ni kujua kwamba uzi wa kioo haupendi kona kali.
Ukiukunja kupita kipimo chake haulii, haukatiki,
unaimeza tu nuru, kimyakimya.
Kazi ni lebo ncha hii na lebo ncha ile
kwa ajili ya mtu nisiyemjua
atakayepiga magoti hapa saa tisa usiku, miaka kumi ijayo,
tochi mdomoni,
akinilaani au asinilaani.

Ukumbi huu ulikuwa kiwanda cha karatasi.
Baba yangu, Aulis, alihudumia humu miaka thelathini na mmoja
Mashine ya Saba, iliyotikisa vikombe
ng'ambo ya mto, kabatini mwa mama.
Walipoiuza vipande vipande
ilisalia bolti moja ukutani, nene kama kifundo cha mkono,
na mimi, mpangaji, mwenye ramani na kalamu,
nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: isiguswe.
Nikaipinda trei shubiri moja kuikwepa.
Mteja hakuuliza. Sikueleza.

Tulivuta kebo wiki sita.
Onni mbele na kamba, Pirkko nyuma akihesabu kwa sauti,
mimi ngazini nikifunga mafungu kwa utepe laini.
Kebo si mwizi, nawaambia vijana, msiikabe.

Siku ya kupima tukatuma nuru.
Nyuzi mia mbili themanini na nane.
Mia mbili themanini na saba zikajibu.
Uzi wa mia na tisa ukanyamaza.

Tukasafisha ncha. Tukabadili kiunganishi. Tukapima tena,
siku mbili, kahawa ikipoa juu ya sanduku la skrubu,
hadi nikapanda mwenyewe na kufuata kwa vidole
mita kwa mita, kama mtu anayetafuta uvimbe
shingoni mwa mtoto,
na nikaukuta pale, umebanwa
kati ya trei na bolti yangu.

Onni akawa mwekundu hadi masikioni. Alivuta kwa haraka, akasema.
Nikamwambia hapana. Ramani ndiyo iliyokosea,
na ramani ni mimi.

Nikampigia baba. Nilidhani ningetafuta maneno.
Akaja na msumeno wake wa chuma ndani ya taulo,
akavaa kofia ya wageni, akasaini daftari mlangoni
pa jengo aliloingia maisha yake yote bila kusaini.
Alipanda polepole. Goti.
Alikata kwa dakika arobaini, bila kuzungumza,
Pirkko akiwa ameshika mdomo wa kifyonza vumbi chini ya mkono wake,
maana unga wa chuma, humu, ni sumu.

Ilipoanguka kiganjani aliipima uzito
kama mtu anunuaye samaki.
Kisha akategesha sikio kwenye trei.

"Inafanya kazi?"
"Inafanya, baba."
"Mbona haitikisi kitu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na uzi wa kubadilisha,
mita themanini na mbili,
na lebo mbili za kuandika.
Saa mbili usiku uzi wa mia na tisa ukajibu.
Nikageuka kumwonyesha.
Alikuwa ameshafika kwenye maegesho,
bolti mfukoni,
koti limelala upande mmoja.