Kipande cha Mto

Asubuhi Khongorzul huukata mto kwa shoka
na kurundika vipande nje ya hema la sufi
kama matofali ya nyumba isiyojengwa.
Kimoja hukiingiza ndani, hukitia sufuriani.
Kinalia kidogo, kinalegea, kinakuwa maji.
Maji yakipandwa na moto yanakuwa mvuke,
mvuke unapaa, unagusa bawaba ya mlango,
unashikwa na baridi, unaganda tena.
Temuulen anaukwangua kwa ukucha, anauramba:
"Mama, mto umefika mlangoni!"
Umefika kweli, mwanangu.
Umebadili nguo mara tatu, jina ni lile lile.

Lakini tazama jikoni.
Kinyesi cha ng'ombe, kilichoanikwa jua la Agosti,
chepesi, chenye harufu ya nyasi,
kinawaka bila kelele.
Kinachobaki ni majivu. Kingine kimetoka na bomba,
kimeshika njia ya mawingu, hakikuaga.
Yapoze majivu hayo. Yaloweshe. Yafinyange upendavyo,
yaanike hadi Agosti nyingine:
hupati kinyesi, wala nyasi, wala ng'ombe.

Bakuli la maziwa limeganda pembeni kama mwezi.
Ukilipasha, ni maziwa yale yale.
Kiriba je, alichokitundika Dugarjav kiangazi,
kila apitaye akakikoroga, mgeni na mwenyeji?
Maziwa ya farasi humo yamekwisha kuwa kitu kingine,
kikali, chenye povu, chenye kulevya kidogo.
Muulize jike aliyekamuliwa; hatayatambua.

Dugarjav aliondoka Novemba, kwenda mgodini kusini.
Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili.
Kisha kila mwezi. Kisha alipiga, hakusema kitu.
"Umbali humgandisha mtu," jirani Tsendsuren alituliza,
"akirudi mweke karibu na jiko, atalainika."
Khongorzul hakujibu. Alichochea moto.
Anajua kuna kuganda, na kuna kuungua,
na kwenye simu vyote viwili ni kimya.

Leo lori limemshusha.
Amesimama ndani ya mlango, barafu kwenye nyusi,
glavu hajavua.
Mtoto anamtazama kutoka nyuma ya sanduku.
Khongorzul anamimina chai: mto, chumvi,
kipande cha ule mwezi wa maziwa.
Anaweka bakuli mezani, upande wa jiko,
na kusubiri.
Nyusi zinaanza kudondoka matone.
Hayo ni maji tu. Bado hajasema neno.