Bega la Kulia

Theluji haijafika Ashtabula,
bega la Lyle limekwisha kupata habari.
Saa tisa usiku yuko jikoni,
barafu ndani ya taulo, taa hajawasha.

Misimu tisa alikuwa wa pili:
kofia ngumu kichwani, jasho hana,
akiandika kwa penseli makosa ya mwenzake,
hadi Jumapili ile kidole gumba cha Truett kilipovunjika
na kocha akageuka, akalitafuta jina, akalikosa.
"Wewe! Ingia!"

Akaingia.
Yai la ngozi likamtoka mkononi likijizungusha,
yadi hamsini na mbili, likimwendea Odell pembeni
kama barua inayoijua nyumba.
Watu elfu sabini wakasimama.
Tuko nawe, wakapaza, bega kwa bega!

Mechi tatu.
Katika ya nne wakamwangukia wanaume wawili
kutoka upande asioutazama,
na kile chuma cha pua kikawa mfuko wa changarawe.
Bega kwa bega likabaki bega.

Siku hizi anafundisha watu kuendesha gari.
"Kioo," huwaambia. "Kioo kwanza.
Kinachokuja kukuvunja hakipigi honi."
Wanafunzi hucheka. Yeye hacheki.

Chupa ya achari iliyo juu kabatini
huishusha kwa mkono wa kushoto.
Kwa kushoto hunyoa, kwa kushoto hula;
Marlene alishaacha kumtazama mezani.

Hili la kulia limebakiwa na jina lake tu,
na usiku, kabla ya theluji,
hulitimiza.