Mwenyeji

Saa kumi na mbili na nusu umeshavuta pazia:
"Amka, Mwadi, Bukavu haisubiri mtu."
Miaka sita, kule Likasi, katika vumbi la shaba,
umeniuzia mji huu kwa mkopo:
rasi tano zilizochovywa ziwani
kama vidole vya mtu anayepima joto la maji,
nyumba zenye kona za mviringo,
na nyumba yenu, Muhumba,
madirisha yake duara kama ya meli
ambayo haijawahi kuondoka.
Leo nimekuja kudai.

Tunashuka Nyawera. Umevaa viatu vya harusi.
Matope ya mvua ya jana hayaijui harusi yetu.
Unanyoosha mkono, sauti imegeuka ya mwalimu:
"Pale, sinema! Ngazi za marumaru, pazia jekundu!"
Pale ni duka la magodoro.
Lakini juu yake, nikikunja shingo,
kweli kuna tarakimu za saruji, 1939,
na balkoni imejipinda
kama mdomo wa mtu anayezuia kicheko.
Aliyeichora alisaini ukutani.
Waliopandisha mawe kutoka chini hawakusaini popote.
Mama mmoja ameanika nepi huko juu, saba, nyeupe,
na mimi, mgeni, naziona hizo kwanza.

Katedrali ina ubaridi wa mtungi.
Fundi anagonga kinanda noti moja, ileile, ileile.
"Nilibatizwa pale," unaninong'oneza.
Kisha, baada ya muda: "Au pale."

Saa nne njia imekukimbia.
"Kulikuwa na ngazi hapa, Mwadi. Ngazi haziwezi kuhama."
Tumempita muuza parachichi mara mbili.
Mara ya tatu anacheka hadi beseni linatikisika:
"Karibuni tena, wazungu wangu!"
Maana nani mwingine hutembea akitazama kuta,
mikono mitupu, siku ya kazi?
Nimenunua matatu, kwa aibu.
Wewe hukucheka, Zihindula.
Hapo ndipo nilipoanza kukutazama wewe
badala ya mji.

Muhumba. Lango la bati la buluu.
Nyumba ipo! Imekaa kama ulivyoisema,
madirisha duara, mawili, na moja limezibwa kwa mbao.
Mtoto wa kike ametoka na bidoni ya njano.
"Mnamtafuta nani?"
Kimya chako kirefu, ziwa linameremeta nyuma ya paa.
Kisha mkono wako, ule wa mwalimu,
umeipita nyumba,
ukaelekea kwenye kibanda cha nyuma, kando ya mgomba:
"Tulikaa pale. Kwenye boyeri.
Mama alikuwa anawafulia."
Na bila kunitazama:
"Yale madirisha nilikuwa nayafuta mimi. Kwa magazeti.
Niliyajua kwa viganja."

Nilikuwa na neno. Lilikuwa kali, lilikuwa la miaka sita.
Nikakumenyea parachichi.

Mtoto anaitwa Ansima. Ndiye anayejua ngazi:
zimemezwa na nyasi, arobaini na mbili,
anazihesabu kwa sauti, anaruka ya kumi na tisa
kwa sababu haipo.
Chini, maji.
Mtu anauza sambaza za kukaanga, moto, kwenye karatasi ya daftari;
yangu ina hesabu za kugawanya, zote zimekosewa.
Umevua viatu vya harusi.
Umechovya vidole vitano ziwani
na kuviacha humo.

Ansima amedai franka zake za kutuongoza.
Umempa mara mbili, ukamuuliza tena kuhusu ile ya kumi na tisa,
ilivunjika lini,
kama mtu anayeuliza habari za msiba.

Tukipanda kurudi, mvua imeanza upande wa pili wa ziwa.
"Kesho nitakuonyesha Kadutu," unasema.
"Kesho naongoza mimi," nasema.
"Hujui hata njia moja."
"Ndiyo," nasema. "Nipe huo mkono."