Pembe

Mwalimu Zulma alichora ubaoni mstari wa chaki
uliopanda, ukachoka, ukashuka,
akasema: hii ndiyo njia ya kila kinachotupwa.
Kisha akatuambia tuvae makoti, tutoke nje.

Julai, na baridi ya Uruguai inang'ata masikio.
Nyuma ya shule manjaniki yetu ilisimama
kama ndama aliyezaliwa usiku ule:
miguu minne, na mashaka.
Mbao za mkaratusi, boliti za trekta la kina Nahuel,
kombeo tulilolishona kwa gunia la sufu.
Na uzani: vyuma kumi na vinne vya mizani
kutoka kiwanda cha nyama kilichofungwa,
kilo ishirini kila kimoja, namba mgongoni.
Baba alivitambua alipovipakia garini.
Cha saba kina ufa, alisema. Hakusema zaidi.
Miaka kumi na tisa alipima ng'ombe kwa chuma hicho.
Leo kinarusha boga.

Mimi si hodari wa hesabu; nilipewa futi na daftari.
Hesabu zilikuwa za Maitena.
Boga la kwanza, kilo tatu na robo.
Tukahesabu moja, mbili,
likaruka kinyumenyume,
likapita juu ya vichwa vyetu na juu ya hesabu za Maitena,
likatua ndani ya hori la farasi wa Don Eladio.
Farasi akalitazama. Akatutazama. Akaanza kula.
Niliandika: mita hasi kumi na moja.

La pili, baada ya kurefusha kamba,
lilipanda wima, wima kabisa,
likasita huko juu kama mtu
aliyesahau alichofuata chumbani,
nasi tukatimua mbio, mwalimu mbele yetu.
Mita mbili.

Aparicio akasema: tuongeze uzani.
(Ndivyo walivyosema kiwandani pia, baba aliniambia baadaye,
ongezeni, ongezeni, hadi mlango ukafungwa.)
Mwalimu akatikisa kichwa. Akachukua koleo,
akaishika ile ndoano ya msumari
panapoponyoka kitanzi cha kombeo,
akaikunja. Kidogo tu, upana wa ukucha.
Si nguvu, alisema. Ni lini unaachia.

Sisi watu wa huku tunazijua pembe.
Pembe za fahali juu ya mlango wa baa,
pembe iliyochongwa ikawa mpini wa kisu cha babu.
Lakini hii ya Maitena, ya penseli na kifutio,
haijawahi kuota kichwani mwa ng'ombe yeyote,
nayo ndiyo iliyobeba boga la tatu.

La tatu.
Mita zake ngojeni. Kwanza sauti:
mbao zikiguna, vyuma vya baba vikishuka kwa pamoja,
halafu kimya,
maana kinachoruka vizuri hakipigi kelele.
Lilivuka goli la kaskazini.
Lilivuka seng'enge.
Kondoo walinyanyua vichwa mmoja baada ya mwingine
kama wanafunzi walioulizwa swali wasilolijua.
Lilipofika kileleni mwa njia yake
nilitaka, nakiri, lisishuke.

Likashuka.
Tulilikuta limepasuka, mbegu zimetapakaa nyasini,
moshi mwembamba wa baridi ukitoka tumboni mwake,
au labda ilikuwa pumzi zetu.
Futi yangu ina mita hamsini. Niliivuta mara mbili,
na mara ya tatu kipande:
mia moja na sita na nusu.
Maitena alikaa chini kwenye tope, hakujali sketi.

Baba alikuwa amesimama kando ya uzio.
Nilidhani alishaondoka zamani.
Akauliza: cha saba kimestahimili?
Nikasema kimestahimili.
Akainama, akaokota mbegu tano, sita,
akazifuta kwenye suruali,
akazitia mfuko wa shati, ule wenye kifungo.

Kwenye daftari, safu ya mwisho, chini ya neno Maoni,
niliandika:
upepo kidogo, kutoka kusini.