Mazoezi ya Tatu, Chang'ombe

Ukumbi ni wa kuazima, mwisho saa mbili.
Jukwaani meza, viti vinne, jagi la plastiki.
Fidla mbili, zeze, na kinanda
chenye kibonye kimoja bubu:
tunakiruka kama ukoo unavyoruka jina la mtu.

Opera yetu ni fupi. Baba amezikwa,
arobaini imepita, watoto wamekaa.
Tuzo anaimba mama. Chediel, kitinda mimba,
anadai hati ya nyumba ya Keko
kwa sauti iliyopanda juu ya adabu.
"Shuka," namwambia. "Mirathi huanza kwa kunong'ona."

Umeme ukakatika.
Wakaendelea gizani, feni ikimalizia mizunguko yake,
hadi pale mama anaponyamaza mapigo manane.

Mama mdogo wake Tuzo,
aliyekuja tu na hotipoti ya wali,
akajibu kutoka viti vya nyuma:
"Nyumba ile aliijenga dada. Kwa vitumbua.
Mbona hamsemi?"

Tuzo hakugeuka.
Mpiga zeze akaniuliza, taratibu, kama hilo limo.

Nilikuwa nimehesabu. Yalizidi manane.
Nikapapasa meza, natafuta penseli.