Bwana Kombo wa Tallinn

Fomu iliniuliza jina la ukoo.
Sisi Wete tuna mnyororo tu:
Zuwena wa Faki wa Kombo.
Nikaweka pete ya mwisho, kisanduku kikaridhika.

Tangu hapo barua zinakuja: Mheshimiwa Bwana Kombo.
Babu yangu, aliyepanda mikarafuu ya watu,
aliyevuka maji mara moja, kwenda Tanga kutibiwa jicho,
leo ni mkurugenzi
kwenye mji ambao bahari yake huganda.

Ninauza viua. Kofia yenyewe inabaki hapa,
kinachosafiri ni mchoro, tundu kwa tundu.
Mama hushona kwa mkono,
mimi nahesabu nyuzi zake kwenye kompyuta,
na mtu asiyemjua anainunua mashine yake ikale.
Lakini mlango wa malipo ulikuwa na orodha ya nchi.
Zanzibar haimo. Nikateremka mpaka T,
nikagonga Tanzania:
samahani, huduma hii bado haijafika kwenu.

Ndipo nikaipeleka kampuni ikazaliwe ugenini.

Benki ikataka bili ya umeme yenye jina langu.
Umeme wetu ni wa Tukuza: unabonyeza namba, mita inalia, basi.
Na mita ina jina la shangazi, yuko Maskati miaka kumi na moja.
Nikaenda kwa sheha. Akaandika, akagonga muhuri:
*Namjua. Nyumba ya tatu nyuma ya soko la samaki.*
Wakajibu: jina la mtaa?
Sheha akavua miwani.
"Si nimeshasema namjua?"

Huko ninaitwa mkurugenzi asiye mkaazi.
Kitambulisho mkobani kinasema Mzanzibari Mkaazi.
Nakaa na sikai, kwa saini ile ile.

Mwaka wa pili niliomba viza nikaione.
Wakataka ushahidi kwamba nitarudi nyumbani.
Nikawapa barua ya kampuni.
Wakasema: lakini kampuni si iko huku?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu hufika mwezi wa sita, hesabu za mwaka,
na mimi nalima usiku, uniti zikipungua,
hata senti ya sindano naiandikia mstari.
*Idadi ya wafanyakazi:* moja.
Mama amelala, miwani ingali puani,
kidole cha shahada kimechomwachomwa.
Nafuta. Naandika mbili.
Fomu inauliza mshahara wake.
Narudisha moja.

Jana wakala alinitumia picha ya mlango wetu.
Mlango mmoja, majina mia na zaidi, kama kaburi la pamoja.
Nikakuza, nikakuza, nikampata babu
katikati ya daktari wa meno na muuza matairi:
KOMBO, kwa karatasi ya gundi, pembe moja imebanduka.
Chini, theluji mpaka kizingitini,
haina unyayo wa mtu.

Nikamwonyesha mama.
Akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu.
"Na hapo," akauliza, "nani anafagia?"